Ladha ya Ndimu Imo Gandani: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Biskuti za Matunda

Barua nyingi tulizopokea kutoka Mtwara na Lindi zinauliza juu ya biskuti za sukari zenye ladha ya matunda, zile zinazokatwa kwa maumbo na kupambwa kwa rangi ili watoto wafurahi siku ya Idi, mahafali au sherehe ya kuzaliwa. Tumechagua barua zinazogusa matatizo ya wengi, na mengi kati yake yanatokana na jambo moja, yaani maji ya tunda kuingia mahali ambapo hayatakiwi.

*Shikamoo shangazi. Nilikamua ndimu nne na kumimina maji yake kwenye unga ili biskuti zipate ladha. Donge likawa laini mno, nikaongeza unga mwingine, na mwishowe biskuti zikatoka ngumu na ladha ya ndimu haikusikika hata kidogo. Nimekosea wapi? (Msichana anayejifunza kuoka, Mikindani)*

Marahaba mwanangu. Harufu ile unayoisikia unapopita karibu na fungu la ndimu sokoni haitoki katika maji yake bali katika mafuta yaliyomo ndani ya vifuko vidogo sana kwenye ganda la nje. Maji ya ndimu yana ukali mwingi na harufu kidogo, na harufu hiyo kidogo huondoka na mvuke wakati wa kuoka. Zaidi ya hayo, maji yoyote yanapokutana na unga wa ngano, kisha donge likakandwa, hujenga ule mvutano ambao tunauhitaji kwa chapati na mkate lakini hatuutaki kabisa kwa biskuti, kwa sababu ndio unaozifanya kuwa ngumu. Ulipoongeza unga uliongeza ugumu, ukaipunguza na ile siagi na sukari iliyokuwa inatosha kiasi cha mwanzo.

Chukua unga wa ngano gramu 300, siagi gramu 170, sukari laini iliyosagwa gramu 120, kiini cha yai moja na chumvi kidogo sana. Osha ndimu tatu au machungwa mawili, yakaushe vizuri kwa kitambaa, kisha kwangua ganda la nje tu kwa matundu madogo ya kikwangulio, ukikoma pale unapoanza kuona weupe, kwa maana ule weupe una uchungu ambao sukari haiufichi. Weka ulichokikwangua juu ya sukari na uvisugue pamoja kwa ncha za vidole. Baada ya dakika mbili hivi utaona sukari inabadilika rangi, inashikana kidogo mkononi kama mchanga wenye unyevu, na jiko zima linanukia ndimu. Hapo mafuta yameshahamia kwenye sukari, nayo sukari itayasambaza kila mahali donge linapofika. Changanya sukari hiyo na siagi hadi vishikane, weka kiini cha yai, halafu unga uliochekechwa, na uache mara tu donge linapokusanyika bila kulikanda.

Ukitaka na uchachu ndani ya biskuti yenyewe, mahali pwani yetu ilipobarikiwa ni kwenye ubuyu. Unga mweupe wa ubuyu, usiotiwa rangi wala sukari, ni tunda lililojikaushia lenyewe mtini. Una ukali mzuri na hauna maji. Kijiko kimoja cha chakula, kikichekechwa pamoja na unga wa ngano, kinatosha kwa kipimo nilichokupa. Binafsi siuoni umuhimu wa kutafuta chupa za ladha ya stroberi ya kiwandani wakati ubuyu na ndimu vinapatikana sokoni kwa bei ambayo kila nyumba inaimudu.

*Bi. Mhariri, naishi Lindi mjini. Donge langu hunata mezani, na nikifanikiwa kukata maumbo ya nyota na samaki, yanapofika motoni hutawanyika na kuwa maduara. Je, unga wetu una kasoro? (Mama wa watoto wawili)*

Unga wako hauna kasoro, dada yangu. Joto ndilo linalokusumbua. Siagi huanza kulainika mapema na huyeyuka kabisa ikifika nyuzijoto 32 hadi 35, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jiko la pwani linafika karibu na hapo kabla hata moto haujawashwa. Siagi iliyokwisha kuyeyuka mezani haiwezi kushika umbo kwenye trei.

Fanya kazi hii alfajiri. Gawa donge vipande viwili, sukuma kila kipande kikiwa katikati ya karatasi mbili za kuokea hadi kifikie unene wa milimita 5, usinyunyize unga mwingine, kisha kiweke kwenye friji kwa nusu saa kikiwa kimeshatandazwa. Kikikaza ndipo ukate maumbo, na ukishayapanga kwenye trei yarudishe kwenye baridi dakika nyingine 15. Asiye na friji anunue barafu kwa jirani, aiweke ndani ya beseni, na juu yake aweke sinia lenye donge lililofunikwa. Huchukua muda mrefu zaidi lakini matokeo ni yale yale. Acha kabisa beking pauda katika biskuti za maumbo, kwa kuwa kazi yake ni kuumua, na kinachoumuka hupoteza kona zake. Na kama unatumia majarini badala ya siagi, chagua ile ngumu inayouzwa kwa kipande, kwa sababu nyingi kati ya zile laini za kopo zina maji zaidi.

*Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Masasi, sina oveni, nina jiko la mkaa na sufuria. Wajukuu wanataka biskuti. Naweza? (Bibi wa wajukuu sita)*

Shikamoo mwalimu. Unaweza, tena vizuri sana. Tandaza mchanga mkavu na safi chini ya sufuria kubwa nzito, unene wa vidole viwili, weka juu yake kigae au kifuniko kidogo cha kuinulia trei, funika, na uipashe moto kwa dakika 15 kwa mkaa wa wastani. Sahani ya bati yenye biskuti ikae juu ya kigae isiguse kuta za sufuria, ili hewa ya moto ipate kuzunguka. Palia makaa machache juu ya kifuniko, machache kuliko ya chini.

Katika oveni ya nyuzijoto 170 hadi 180 biskuti hizi huiva kwa dakika 10 hadi 12. Katika sufuria zipe 15 hadi 20, na uanze kuchungulia zikifika 12. Ziepue kingo zinapoanza kuwa na rangi ya dhahabu huku katikati kukiwa bado kweupe na kulaini ukikugusa. Wengi huziacha hadi zikauke motoni, kumbe biskuti hukaza inapopoa. Ziache juu ya sahani dakika tano kabla ya kuziinua, la sivyo zitavunjika.

*Shangazi, huku Newala msimu wa korosho mabibo ni mengi na yanaoza chini ya mikorosho. Je, yanaweza kutiwa kwenye biskuti? Ukakasi wake nautoaje? (Kijana mwenye kiu ya kujaribu)*

Nimelifurahia swali hili kuliko yote. Bibo lina harufu isiyofanana na ya tunda lingine lolote, na tunaliacha lioze kwa sababu ya ukakasi na kwa sababu halingoji: lililoanguka asubuhi na kupasuka huwa limeanza kuchacha kesho yake. Kwa hiyo chuma au okota mazima yaliyoanguka siku hiyo hiyo, yasiyo na michubuko, na uyafanyie kazi bila kuyalaza.

Ng'oa korosho, kata ncha zote mbili za bibo, kisha likate vipande. Vichemshe polepole kwa dakika kumi katika maji yaliyotiwa chumvi kijiko kimoja cha chai kwa kila lita, mwaga maji hayo, suuza kwa maji safi na uvikamue kidogo. Sehemu kubwa ya ukakasi huondoka na maji yale. Onja. Kama ulimi bado unakakamaa, rudia mara moja. Saga vipande, vipitishe kwenye chujio kuondoa nyuzi, pima uzito wa rojo uliyopata, ongeza sukari nusu ya uzito huo pamoja na maji ya ndimu moja, kisha pika kwa moto mdogo ukikoroga hadi mwiko unapopita chini ya sufuria uache njia inayoonekana kwa kitambo kabla ya kujifunga. Hiyo ni jemu nzito, na uzito huo ndio unaoiruhusu kuingia katika biskuti, kwa maana maji yameshatoka. Bonyeza katikati ya kila biskuti mbichi kwa kidole gumba, weka jemu nusu kijiko cha chai, halafu oka. Embe la Novemba na nanasi hufuata njia hii hii, ila hayo hayahitaji chumvi wala kusuuzwa.

Na kwa pambo, umbo zuri kuliko yote kwa watu wa kusini liko mbele ya macho yetu. Kata biskuti kwa umbo la bibo lenyewe, nene juu na jembamba kidogo chini, uioke, kisha upande wa chini ubandike nusu ya korosho kwa sukari ya kupambia, ikining'inia kama inavyoning'inia mtini. Nusu ya biskuti zipake rangi nyekundu na nusu rangi ya njano, kwani mabibo yetu yako hivyo. Tumia tu korosho zilizokwisha kubanguliwa na kukaushwa vizuri, kwa sababu mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na mdomo.

*Sukari ya kupambia haikauki kwangu, na rangi nyekundu huingia kwenye nyeupe hadi pambo lote linachafuka. Pia ningependa kupunguza rangi za dukani. Naomba msaada. (Mpambaji wa keki, Mtwara mjini)*

Dada mpendwa, tuanze na uzito wa mchanganyiko. Chekecha sukari ya unga gramu 200 na uongeze maji ya ndimu vijiko viwili vya chakula, kisha endelea tone kwa tone. Inua kijiko na uache mchanganyiko utiririke juu ya ule uliobaki bakulini: ukiona mstari wake unazama baada ya sekunde 10 hivi, umefaa kwa kujaza eneo, ukikaa sekunde 20 au zaidi, umefaa kwa kuchora mpaka. Chora mpaka kwanza kwa koni ya karatasi ya kuokea iliyokatwa ncha, uache ushike, ndipo ujaze ndani na kusambaza kwa kijiti cha meno. Mchanganyiko huu wa ndimu hauna ute wa yai bichi, na kwa biskuti za watoto wadogo na wajawazito ninaupendelea kwa sababu hiyo. Humu pia ndimo maji ya tunda yanapopata nafasi yake halali, kwani hakuna moto wa kufukuza ladha. Jaribu maji ya pasheni yaliyochujwa mbegu, uone yanavyotoa njano ya upole na uchachu unaozuia utamu usichoshe.

Kwa wekundu, chemsha rozela kavu, ambayo wengine huiita choya, konzi moja katika nusu kikombe cha maji hadi vibaki vijiko viwili, na ukitumie kimiminika hicho badala ya sehemu ya maji ya ndimu. Rangi ya rozela hupenda ukali: ndani ya ndimu hubaki nyekundu inayong'aa, ila ukiitia katika mchanganyiko wa ute wa yai, ambao hauna ukali, itageukia zambarau iliyofifia, na wapambaji wengi hudhani rozela yao imeharibika.

Kuhusu kukauka, hewa yetu ya bahari ina unyevu mwingi, nayo sukari huvuta unyevu. Paka tabaka jembamba, weka trei mbele ya feni iliyo kwenye mwendo wa chini, na uhesabu saa sita hadi nane, au usiku mzima wakati wa mvua. Rangi ya pili isiwekwe mpaka ya kwanza iwe na ganda juu ukiigusa kwa upole, na anza kila mara na nyeupe, umalizie na nyekundu. Rangi za dukani zilizo nzito huvuja kidogo kuliko zile za maji maji. Usikaushe kwa jua: siagi itapanda juu na kuacha madoa ya mafuta kwenye pambo lako.

*Nataka kumpelekea mdogo wangu anayesoma Dar es Salaam. Zitafika salama? (Kaka mtu, Mtwara)*

Safari ni zaidi ya kilomita 500 na basi lina joto, kwa hiyo peleka zilizopambwa kwa sukari tu na uziache za jemu ziliwe nyumbani katika siku mbili tatu. Zikishakauka kabisa zipange kwenye kopo la bati zikisimama kwa ubavu, mbili mbili migongo ikigusana, na karatasi kati ya nyuso zilizopambwa. Jaza nafasi zilizobaki kwa karatasi iliyokunjwa ili zisitikisike, funga kifuniko na uzungushie gundi ya karatasi. Hukaa wiki moja hadi mbili zikiwa nzuri. Usiku wa kuamkia safari weka kopo juu ya bakuli lililogeuzwa ndani ya sinia lenye maji, kwa kuwa sisimizi watalitafuta, na kwenye basi ashike kopo mkononi yule atakayelipeleka, lisiingie buti.