Maswali ya Wasomaji: Kuyasoma matokeo ya udiwani England

Chaguzi za halmashauri za wilaya England hufanyika Alhamisi ya kwanza ya Mei. Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaoishi huko, na karibu yote yanahusu jambo moja: karatasi ya matokeo inasema nini hasa, na haisemi nini.

Ndugu mhariri, nimejumlisha kura za wagombea wote wa kata moja, nikapata karibu mara mbili ya watu waliopiga kura. Hizi si kura hewa? (Msomaji, Stowmarket)

Si kura hewa. Anayetoka Tanzania au Kenya amezoea kata moja, diwani mmoja. England kata ya wilaya inaweza kuwa na diwani mmoja, wawili au watatu, na mpigakura ana kura sawa na idadi ya viti vinavyogombewa. Mid Suffolk, wilaya yako, ina kata za mmoja na kata za wawili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kata ya viti viwili ina watu 2,900 kwenye daftari, na karatasi za kura zilizo halali ni 1,000. Chama A kimesimamisha wawili: 520 na 470. Chama B wawili: 430 na 300. Chama C mmoja tu: 150. Jumla ni kura 1,870. Kura ambazo zingeweza kupigwa ni 2,000, hivyo 130 hazikutumika, kwa sababu mtu akitaka anaweza kuchagua mmoja tu na karatasi yake ikabaki halali. Washindi ni wale wawili wa A. Idadi ya waliojitokeza inatokana na karatasi, kamwe si jumla ya kura: 1,000 kwa 2,900, yaani asilimia 34.5.

Penye mtego ni kwenye asilimia za vyama. Ukigawa kwa jumla ya kura zote, A inapata asilimia 52.9, B 39.0 na C 8.0. Ukichukua mgombea wa juu wa kila chama tu (520, 430, 150), A inashuka hadi 47.3, B inabaki 39.1, na C inapanda hadi 13.6. Njia ya kwanza inakipunja chama kilichosimamisha mgombea mmoja, kwa kuwa wafuasi wake hawakuwa na wa pili wa kumpa kura. Sisi tunapendelea ya pili. Ukikuta gazeti limeandika asilimia bila kusema limetumia njia ipi, usizilinganishe na za gazeti jingine.

Tazama pia pengo kati ya wagombea wawili wa chama kimoja. Majina hupangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, na wa juu kwenye karatasi mara nyingi huokota kura kadhaa zaidi ya mwenzake wa chini. Pengo la kura 50 halimaanishi lazima kwamba mmoja anapendwa kuliko mwingine.

Chama cha Green kiliongoza East Hertfordshire mwaka 2023, lakini ikatangazwa kwamba hakuna mwenye udhibiti. Kuongoza si kushinda? (Msomaji, Bishop's Stortford)

Katika kata, anayeongoza ameshinda, hata kwa kura moja. Katika halmashauri inatakiwa zaidi ya nusu ya viti. East Hertfordshire ina viti 50, hivyo mstari ni 26. Mei 2023 Green walipata 19, Conservative 16, Liberal Democrats 10 na Labour 5. Hakuna aliyefika. Green na Liberal Democrats wakaungana, 19 na 10 zikawa 29, wakaunda uongozi.

Kiongozi wa halmashauri hapigiwi kura na wananchi kama gavana wa kaunti Kenya. Madiwani ndio humchagua, kwenye mkutano wa mwaka unaofanyika muda mfupi baada ya uchaguzi. Kwa hiyo siku za mwanzo baada ya matokeo ndizo za mazungumzo, na kama unataka kumwambia diwani wako asikubali muungano fulani, mwandikie wakati huo. Ukisubiri Juni umechelewa.

Halmashauri hiyo hiyo inaonyesha jinsi mfumo wa anayeongoza kuchukua kiti unavyokuza ushindi. Mwaka 2015 Conservative walichukua viti vyote 50. Haiwezekani kwamba wilaya nzima ilikuwa na wazo moja. Ni kwamba waliongoza kata baada ya kata, na kura za wengine hazikuzaa kiti hata kimoja. Kuna pia mfano wa upande wa pili: Mid Suffolk mwaka huo wa 2023 Green walipata viti 24 kati ya 34, wingi wao wa kwanza kamili katika halmashauri yoyote England.

Oxford tulichagua madiwani 24. Mbona tovuti inasema halmashauri ina 48? (Msomaji, Oxford)

Kwa sababu Oxford huchagua nusu kila baada ya miaka miwili. Wilaya nyingine huchagua theluthi kwa miaka mitatu mfululizo na kupumzika wa nne, na nyingine, kama Mid Suffolk, huchagua wote mara moja kila miaka minne. Ukisoma matokeo ya nusu au theluthi, angalia safu mbili: viti vilivyogombewa na viti vyote baada ya uchaguzi. Chama kinaweza kushindwa vibaya mwaka huu na bado kikashika halmashauri kwa madiwani ambao muda wao haujaisha.

Kwa nini kura za kata ndogo zinahesabiwa kwa saa nyingi hivyo? Na kura huharibikaje? (Msomaji, Ipswich)

Kuna hatua mbili, na watu huona ya pili tu. Kwanza ni uhakiki: kila sanduku linafunguliwa peke yake, karatasi zinahesabiwa bila kujali zimechagua nani, na idadi inalinganishwa na hesabu iliyoandikwa na msimamizi wa kituo. Zikitofautiana, hesabu inarudiwa mpaka sababu ijulikane. Kisha karatasi za vituo huchanganywa na za posta, makusudi, ili isijulikane watu wa posta walipigaje. Ndipo zinapohesabiwa kura.

Kata ya kiti kimoja ni rahisi: karatasi zinagawanywa kwa mgombea na kufungwa mafungu. Kata ya viti viwili au vitatu ndiyo inayokula muda. Zile zilizompa mtu kura zote za chama kimoja hutengwa na kuhesabiwa kama fungu. Zilizochanganya vyama hupangwa kwenye karatasi ndefu zikipandiana, visanduku vya alama tu vikionekana, na mfanyakazi anasoma mstari kwa mstari akijumlisha kura za kila jina. Makosa huzaliwa hapo: jicho linateleza na kusoma mstari wa jirani, au karatasi nzima ya majumuisho inasahaulika kuingizwa. Wakala wa mgombea asikodolee macho mafungu ya chama kimoja akaacha meza ya mchanganyiko.

Karatasi hukataliwa kwa sababu nne: haina alama rasmi, imechagua wengi kuliko viti, ina maandishi yanayomtambulisha mpigakura, kama jina au sahihi, au iko tupu au haieleweki. Alama ya vema badala ya msalaba haiharibu kitu iwapo nia iko wazi. Katika kata ya viti viwili, aliyeweka alama tatu amepoteza zote. Lakini aliyeweka moja safi na nyingine yenye utata, ile safi inahesabiwa na nyingine inakataliwa.

Kura za posta hufia mapema zaidi. Ndani ya bahasha kuna fomu ya tarehe ya kuzaliwa na sahihi, na zote mbili hulinganishwa na zile ulizotoa ulipoomba. Wengi huandika tarehe ya siku hiyo badala ya ya kuzaliwa, au wanatia sahihi ya haraka isiyofanana, au wanaisahau fomu mezani. Karatasi ya mtu huyo haifiki hata kwenye hesabu.

Nyuma ya karatasi yangu kuna namba. Siri iko wapi? (Msomaji, Slough)

Namba ipo, na kuna orodha inayoiunganisha na namba yako ya daftari. Vyote hufungwa na kutiwa lakiri, vinahifadhiwa mwaka mmoja, kisha vinaharibiwa. Bila amri ya mahakama havifunguliwi. Wakati wa kuhesabu, karatasi hulazwa uso juu ili namba isionekane. Kinachoweza kuonekana na vyama baadaye ni nakala ya daftari inayoonyesha nani alikwenda kupiga kura. Alimpigia nani, haimo.

Mimi ni Mtanzania mwenye viza ya kazi, mume wangu ni Mkongo. Tunaruhusiwa kupiga kura? Naweza kugombea? (Msomaji, Colchester)

Wewe dada unaruhusiwa kupiga. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali, wenye miaka 18, hupiga kura za madiwani England: Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Kongo, Burundi na Oman hazimo, hivyo mumeo hawezi mpaka apate uraia wa Uingereza, au awe na pasipoti nyingine inayokubalika. Wakongo wenye pasipoti ya Ubelgiji, kwa mfano, wanaendelea kupiga kura ikiwa walikuwa wakiishi Uingereza kihalali kabla ya mwisho wa 2020 na hawajapoteza haki hiyo ya ukaazi.

Kugombea ni ngazi ya juu zaidi. Raia wa Jumuiya ya Madola lazima awe na ruhusa ya kuishi isiyo na kikomo, au awe haihitaji ruhusa kabisa. Viza ya kazi haitoshi. Ukishaipata, unahitaji uhusiano na wilaya (kuwa kwenye daftari lake ndiyo njia rahisi), saini za wapigakura wawili wa kata, na usiwe mwajiriwa wa halmashauri hiyo. Hakuna dhamana ya fedha.

Tarehe za kushika, kwa siku za kazi kabla ya uchaguzi na kwa saa za Kiswahili: kujiandikisha, siku ya 12, mwisho saa 6 usiku, kuomba kura ya posta, siku ya 11, saa 11 jioni, kumteua mtu akupigie, siku ya 6, saa 11 jioni. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Tanzania inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, mradi picha bado inafanana nawe. Usiye na kitambulisho, halmashauri inakutengenezea cheti cha mpigakura bure. Mwisho wa kukiomba ni siku ile ile ya 6, saa 11 jioni.

Tumembadilisha diwani wa wilaya, mashimo ya barabarani yako pale pale. (Msomaji, Sudbury)

Barabara, shule na huduma kwa wazee ni za halmashauri ya kaunti, yenye uchaguzi wake. Wilaya inashughulikia taka, nyumba, vibali vya ujenzi na leseni za teksi. Wilaya ndiyo inayokuletea bili ya kodi, lakini sehemu kubwa ya fedha hizo inakwenda kaunti. Serikali ilitangaza Desemba 2024 mpango wa kuziunganisha ngazi hizi mbili, na kwa ajili hiyo chaguzi za maeneo 9, Suffolk ikiwemo, ziliahirishwa mwaka 2025. Angalia tovuti ya halmashauri yako ujue kama uchaguzi unaofuata bado upo.

Mgombea wetu kashindwa kwa kura tatu. Tufanye nini? (Msomaji, Harlow)

Inategemea kama matokeo yameshatangazwa. Kabla ya kutangazwa, mgombea au wakala wake anaweza kuomba kura zihesabiwe upya, na msimamizi wa uchaguzi anaweza kukataa tu akiona ombi halina msingi. Kwa kura tatu, ni vigumu kuliita halina msingi. Msiombe kwa jumla jumla. Ombeni zikaguliwe karatasi za majumuisho, mafungu, na zilizokataliwa. Kura za wagombea zikilingana kabisa, huamuliwa kwa kura ya bahati. Mwaka 2017 kiti cha South Blyth, Northumberland, kilitolewa kwa kuvuta vijiti. Conservative wakakikosa, wakaishia viti 33 kati ya 67, kimoja pungufu ya wingi.

Yakishatangazwa, msimamizi hana tena mamlaka ya kuyabadilisha, hata akigundua mwenyewe kwamba amekosea kujumlisha. Njia inayobaki ni shauri Mahakama Kuu, lililofunguliwa ndani ya siku 21 baada ya siku ya uchaguzi, na mgombea au wapigakura wasiopungua wanne. Huwa kuna ada, na juu yake dhamana ya gharama inayoweza kufika pauni 2,500. Ndivyo wapigakura wanne walivyofanya Tower Hamlets, London, baada ya uchaguzi wa meya wa 2014, na Aprili 2015 ukafutwa. Siku hizo 21 haziongezwi kwa sababu wakili alikuwa likizo, kwa hiyo mtafuteni wiki ya kwanza, na mchukue nakala ya tangazo la matokeo la kata likionyesha kura za kila mgombea na zilizokataliwa kwa kila sababu.