Kopa oksaidi ni besi, mbona haigeuzi litmasi?

Swali: Tumefundishwa kwamba besi hugeuza litmasi (karatasi ya kupimia asidi na alkali) nyekundu kuwa ya buluu. Nimetia kopa oksaidi kwenye maji, nikachovya karatasi, ikabaki nyekundu vilevile. Kitabu nacho kinasema kopa oksaidi ni besi. Nani amekosea?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro*

Jibu: Kitabu kiko sahihi. Mlichofundishwa ni sifa ya alkali, si ya kila besi. Kwa kiwango chenu, besi ni oksaidi au haidroksaidi ya metali ambayo ikikutana na asidi hutoa chumvi na maji tu. Alkali ni besi inayoyeyuka majini na kuachia ayoni (chembe zenye chaji) za haidroksaidi, na ayoni hizo ndizo zinazogeuza litmasi. Unga wako mweusi hauyeyuki, kwa hiyo karatasi haikukutana na chochote zaidi ya maji.

Ubesi wake utauona kwenye asidi. Vaa miwani ya maabara, pima sentimita za ujazo 25 za asidi salfuriki iliyozimuliwa, ya mola 1 kwa lita. Ipashe moto hadi nyuzi 60 hivi, isichemke. Tia unga kidogo kidogo huku ukikoroga. Asidi hiyo humalizwa na gramu 2 hivi. Ongeza kidogo mpaka weusi ubaki chini, halafu chuja. Kimiminika cha buluu kitakachopita ni kopa salfeti. Wengi hutumia asidi ya baridi, wakaona unga umekaa tu, wakakata tamaa mapema. Wengine hutia unga pungufu: asidi iliyobaki huzidi kuwa kali maji yanapokaushwa ili kupata fuwele, na hapo ndipo watu huungua.

Kuyeyuka nako si ndiyo au hapana. Kwa nyuzi 20, lita moja ya maji hubeba zaidi ya kilo moja ya sodiamu haidroksaidi, lakini kalsiamu haidroksaidi ni gramu 1.7 tu. Hata hivyo maji ya chokaa, yaani mmumunyo wa kalsiamu haidroksaidi, yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali; 7 ni katikati) ya 12 na ushee, ni alkali bila ubishi. Magnesiamu haidroksaidi huyeyuka kama gramu 0.01 tu, na bado litmasi hugeuka taratibu. Hiyo, kwa maoni yetu, iandike “besi inayoyeyuka kidogo sana”, usigombane na msahihishaji.

Swali: Magadi yanageuza litmasi kuwa ya buluu. Ni alkali?
*Msomaji, Nakuru*

Jibu: Mmumunyo wake ni wa kialkali, ndiyo. Lakini magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron kwa sehemu kubwa ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Yamwagie siki uone povu: hiyo ni kaboni dayoksaidi, nje ya “chumvi na maji tu”. Kwenye mtihani wa sekondari yaweke kundi la chumvi. Chuo kikuu utakutana na fasili ya Brønsted na Lowry ya mwaka 1923, inayosema besi ni chochote kinachopokea protoni. Kwa fasili hiyo kaboneti ni besi.

Swali: Naweza kuyeyushia kostiki soda (sodiamu haidroksaidi) ya sabuni kwenye sufuria ya alumini?
*Mjasiriamali, Tanga*

Jibu: Hapana. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki nzito, tia soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, siki usipake.