Soma Hati Kabla Hujanunua Oveni

Nimekulia Ngamiani, hapa Tanga, kwenye zile barabara za namba. Huko chumba cha mbele kuwa duka ni jambo la kawaida: huyu anakaanga kachori barazani, yule ana cherehani, na hakuna anayeuliza. Nilipohamia kwenye kiwanja changu, mtaa mpya uliopimwa, nikadhani mambo ni yale yale. Nilianza na maandazi, nikaingia kwenye boflo, kisha akiba ya kikoba nikaimaliza kwa oveni kubwa ya kuni.

Nilipokwenda halmashauri kuomba leseni, namba ya mlipakodi (TIN) ninayo, afisa akataka nakala ya hati ya kiwanja. Akaweka kidole kwenye neno moja: makazi. Hati ile imelala sandukuni miaka sita na sikuwahi kusoma zaidi ya jina langu!

Wakati huohuo jirani alishafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Bodaboda za wauzaji wa jumla zilikuwa zinafika saa kumi alfajiri, moshi unaingia kwenye nguo zake kambani. Nilinuna, ila haki ilikuwa yake.

Usijitetee kwamba nyumba ni yako. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inakutaka upate kibali kabla ya kubadili matumizi ya kiwanja. Maombi yanapita halmashauri, kusudio linatangazwa, na majirani wana nafasi ya kupinga. Kwa hiyo kaa nao kwanza, tena kabla ya karatasi yoyote. Uliza pia kodi ya pango la ardhi itakuwaje, maana ya biashara si sawa na ya makazi. Na kama nyumba ni ya urithi, hati bado ina jina la marehemu, anza na msimamizi wa mirathi. Vinginevyo utazungushwa bure.

Keki za oda au ushonaji wa cherehani moja huwa haumsumbui mtu, ingawa hata hapo ningemwona afisa mipango miji kwanza. Ila kitu chenye moshi, kelele au magari, usikinunue kabla hujamwona.

Mimi oveni niliivunja, nikapanga fremu karibu na soko. Matofali yake yapo uani mpaka leo, kuku wanatagia humo.