Tiki ipo kwenye chati, dawa iko kwenye mrija

Wadogo zangu mlioingia wodi ya watoto wachanga mwezi huu, nawapenda, na mnavyonawa mikono bila kukumbushwa kunanifurahisha sana. Ila wiki hii nimeona tena yaleyale tuliyoyaona kwa waliowatangulia, na nimechoka kumvuta kila mtu pembeni ya inkubeta. Naandika mara moja. Someni kabla ya kuingia zamu.

1. Hakiki NGT, yaani mrija unaopita puani hadi tumboni, kabla ya kila dawa. Si mara moja kwa zamu: kila dawa. Angalia alama ya plasta kama bado iko palepale ulipoiacha. Kusukuma hewa na kusikiliza tumboni kwa stethoskopu acheni. Uingereza walishaonya dhidi ya njia hiyo tangu 2005, kwa sababu hata mrija ulioingia njia ya hewa unaweza kutoa sauti inayosikika tumboni. Kwa njiti wa kilo moja, kila kitu kiko karibu na kila kitu. Vuta majimaji, pima pH (kiwango cha asidi); 5.5 kushuka chini ndiyo tunayoitaka. Usipopata kitu, mlaze ubavu wa kushoto, subiri kidogo, vuta tena. Ukiwa na shaka, dawa isubiri, niite. Hata kama ni saa tisa usiku, niite.

2. Ukishatoa dawa, safisha mrija. Hapa nitakaa kidogo.

Tuliwahi kuwa na mtoto wa kilo 1.2, aliyeandikiwa kafeini, dawa ya kuzuia apnia (kusita kupumua), miligramu 6 kila asubuhi. Chupa yetu ilikuwa ya miligramu 20 kwa mililita moja, kwa hiyo dozi ni mililita 0.3. Hesabu ilikuwa sahihi, tena ilihakikiwa na watu wawili. Sisi wa zamu, nami nikiwemo, tulivuta dawa, tukaiingiza kwenye mrija, tukafunga kifuniko, tukatia tiki na sahihi. Sasa chukueni NGT namba 5 ya sentimita 40 mjaze maji mwone inashika kiasi gani: ni karibu mililita 0.3 hizohizo. Dozi nzima ya yule mtoto ilikuwa inalala ndani ya mrija. Ukifika muda wa maziwa, muuguzi anavuta kwanza kuangalia tumbo, anapata majimaji kidogo, anayamwaga. Anayemwaga hajui kwamba anamwaga dawa.

Kilichotuficha ni tabia ya kafeini yenyewe. Kwa mtoto mchanga nusu yake huchukua kama siku nne kutoka mwilini, kwa hiyo ukiikosa leo, leo haonyeshi kitu. Apnia zilianza kurudi taratibu, na hakuna aliyefikiria mrija. Daktari akahisi maambukizi, na ilikuwa haki yake kuhisi hivyo. Damu ikachukuliwa kwa ajili ya kalcha, kuotesha vijidudu maabara, antibayotiki zikaanza, pa kuweka kanula (kamrija ka mshipani) pakatafutwa kwenye mkono ambao mshipa wake unauona kama uzi, mshipa ukapasuka, pakatafutwa tena mguuni. Daktari alipouliza kuhusu kafeini tulimwonyesha chati: tiki zote zimejaa. Mama yake alikuwa akitoka wodi ya kangaruu (wanakokaa kina mama wanaobeba watoto kifuani) kila asubuhi anatushukuru kwa kumpa mwanawe dawa. Shukrani zile bado zinaniuma kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Aliyegundua ni mfamasia aliyepita raundi akauliza swali moja tu: mkishatoa dawa, mnaisukuma kwa kitu gani? Hakuna aliyejibu. Tulipoanza kusafisha mrija, apnia zikapungua, na baadaye mtoto yule alikwenda nyumbani ananyonya.

Kwa hiyo: baada ya dawa, sukuma kwa maji tasa au maziwa ya mama, mililita 0.5 hadi 1, na uandike kwenye chati ya maji. Ulichovuta kikiwa safi, kirudishe.

3. Dawa ya mdomo na dawa ya mshipa zisikae trei moja. Sirinji za zambarau zikiwepo stoo, tumieni hizo, haziingii kwenye kanula. Zisipokuwepo, bandika lebo kabla hujaiweka chini. Aliyenisikia nikipaza sauti jana, sikumkasirikia. Niliona multivitamini na ampisilini zimelala pamoja, hazina majina, na kanula iko wazi. Niliogopa.

4. Vidonge. Fenobabitoni ya miligramu 30 ipondwe iwe unga laini kabisa. Nawasikia mkigonga kwa kitako cha chupa mpaka korido nzima inajua mtoto fulani ana degedege, halafu chenga bado ni kama mchele! Tikisa kila unapotaka kuvuta, maana unga huzama: unayevuta juu unampa mtoto maji, unayevuta chini unampa dozi ya watu wawili. Vya kutoa dawa polepole havipondwi.

5. Usitie dawa kwenye maziwa yote ya mlo. Dawa mbili haziingii sirinji moja. Andika 0.3, kamwe usiandike .3.

6. Mrija ukiziba usiushindilie kwa sirinji ya mililita 1. Kadiri sirinji ilivyo ndogo ndivyo presha inavyokuwa kubwa. Toa, weka mwingine.

7. Muulize mama. Nevirapini hasa, dawa ya kumkinga mtoto na VVU. Mtoto aliyezaliwa na zaidi ya kilo 2.5 anapata mililita 1.5 kwa siku, na mara nyingi mama ameshapewa chupa na maelekezo leba, anaiweka kwenye kanga, anampa mwanawe kwa wakati wake. Wewe nawe unakuja kumpa ya kwako. Muulize ameshampa nini leo na saa ngapi, uandike. Na muulize pembeni, kwa sauti ya chini, kwa sababu mama wa kitanda cha jirani hajui, na hapaswi kujua kupitia kwako.