Ukiwa Kigoma, lipe ziwa mgongo kwanza

Karibu kila anayekuja Kigoma na kamera anaondoka na picha ileile. Jua linazama Ziwa Tanganyika, mtumbwi mmoja mweusi katikati, anga la chungwa basi. Au amesimama Ujiji pale kwenye mnara wa Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871. Sio picha mbaya jamani, mimi mwenyewe ninazo nyingi, nimekulia hapa na nilianza kupiga kwa simu kabla sijapata kamera ya mtumba. Lakini miaka kadhaa nilikuwa napiga jua lilelile ufuo uleule mpaka jioni moja watu walikuwa wamejaa mbele yangu, hakuna hata pa kusimama, nikageuka niondoke zangu, ndo nikaona vilima vya nyuma ya Kibirizi, ufuo wa kaskazini mwa mji, vimewaka, nyasi nyekundu, michikichi kila kuti linaonekana, mabati yanang'aa kama maji. Na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa anaangalia huko.

Sababu ni rahisi tu. Ziwa liko magharibi yetu, kwahiyo jioni ukiliangalia jua liko usoni kwako na kila kitu kinageuka kivuli cheusi. Ukilipa mgongo, ule mwanga mzuri wa jioni unakuwa umetua kwenye vitu vyote vilivyoko mbele yako. Ndo maana nawaambia watu jioni pigeni vilima na vijiji, ziwa lenyewe mliachie asubuhi.

Asubuhi mambo yanageuka kabisa. Jua linatokea nyuma ya vilima vyetu, kwahiyo ufuoni unakuwa bado uko kwenye kivuli na kibaridi, ila kule ng'ambo milima ya Kongo imeshapata jua, ina rangi ya waridi hivi, na ziwa katikati limetulia bado la bluu nzito. Inadumu dakika chache sana. Na hapa wageni wengi wanakosea saa, maana Kigoma iko mbali magharibi lakini tunatumia saa moja na Dar, jua letu liko nyuma ya la Dar kwa kama dakika 40. Huku linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, kwahiyo saa kumi na mbili na robo ukiwa umeshafika umewahi vizuri tu.

Msimu nao uangalie. Kuanzia Juni mpaka Septemba mapori yanachomwa, moshi na vumbi vinatanda, kuna siku Kongo huioni kabisa unadhani umesimama baharini. Mvua zikishaanza hewa inasafishika, ukipata asubuhi baada ya mvua ya usiku toka haraka, mimi picha zangu ninazozipenda karibu zote ni za asubuhi kama hizo. Kipindi cha moshi siachi kupiga, nabadilisha tu, napiga vilima vinavyofuatana kimoja nyuma ya kingine vinavyofifia, moshi unavitenganisha vizuri.

Sehemu zenyewe sasa. Ukitoka Kibirizi ukafuata ufuo kwenda kaskazini upande wa Kalalangabo kuna miamba na vighuba vidogo, watu wachache. Maji ya Tanganyika ni masafi mno, kwahiyo pale saa sita mchana, saa ambayo wapiga picha wanalala, panda juu ya mwamba upige moja kwa moja chini, mawe ya ndani ya maji yanaonekana mpaka unaona samaki. Ukipiga kwa mshazari badala ya moja kwa moja chini, filta ya polaraiza, kile kioo cha kuzungusha mbele ya lenzi, inasaidia kupunguza ule mng'ao wa juu, izungushe taratibu mpaka mng'ao upungue. Upande wa kusini mwa Ujiji kuna bonde la mto Luiche, mashamba ya mpunga, maji yametuama, ndege weupe, pale jioni ndo penyewe. Ila kwenye midomo ya mito na matete usiingie peke yako, mamba na viboko sio wa kuhadithiwa, nenda na mwenyeji anayelima pale.

Usiku usio na mwezi usilale. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwa kali wengi wanapumzika, kwahiyo fuata kalenda ya mwezi kabla hujapanga safari. Panda kilimani uone ziwa limejaa taa kama mji. Mara ya kwanza niliiacha lenzi wazi sekunde 30 nikapata michirizi tu maana mitumbwi inayumba, sasa naweka sekunde 4 hadi 8 na kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, kamera iko kwenye stendi, fokasi naiweka kwa mkono kwenye taa ya mbali.

Kitu kingine nakisisitiza kwa moyo wote, hizi sehemu tulivu zina wenyewe. Pale kina mama wanapoanika dagaa kwenye vichanja ni ofisi yao ile. Kamera ikae kwenye begi kwanza, toa shikamoo, kaa, eleza unataka nini, na usiulize "wapi pazuri" maana utaelekezwa ufuo wa wageni. Uliza ukifika hapa alfajiri unaona nini. Mama mmoja Kibirizi nilipomuuliza hivyo akaniambia mwanangu njoo mitumbwi ikirudi, moshi wa majiko unashuka unalala juu ya maji. Nilikaa Kigoma miaka yote sijawahi kuuona moshi ule.

Bandarini na reli omba ruhusa kwanza, na droni usirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ukiposti sehemu ndogo isiyo na njia ya watu, andika Kigoma inatosha, usiweke lokesheni kamili, kuna kighuba kimoja nilikiweka mtandaoni na pini yake, niliporudi nikakuta chupa za plastiki na majivu ya moto, iliniuma sana kwasababu ni mimi niliyepaelekeza.

Yule mama nilimsafishia picha yake ya moshi nikampelekea. Akaiangalia muda mrefu, akaonyesha kwa kidole mtumbwi mmoja pembeni kabisa ambao mimi nilitaka kuukata, akasema huu ni wa mwanangu wa pili. Ile picha sijaikata.