Kabla Hujaomba Nafasi ya Uzamili wa Uongozi wa Afya ya Jamii

Nilipoteuliwa kukaimu nafasi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, nilikuwa na miaka minne tu tangu nimalize utarajali. Barua ilifika Alhamisi, na Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimekaa mbele ya timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, nikitakiwa kuongoza kikao cha kuandaa mpango kabambe wa afya wa mwaka. Nilijua kumpasua mama mwenye uzazi pingamizi na kumtoa mtoto kwenye degedege la malaria, lakini sikuwa nimewahi kusoma kifungu kimoja cha bajeti. Kikao kile nilikiongoza kama nilivyokuwa nikiongoza raundi ya wodini: nikauliza, nikajibu mwenyewe, kisha nikaagiza.

Matokeo yake yalikuwa mashine ya ultrasaundi, niliyoisisitiza mimi, ambayo ilikaa stoo ndani ya boksi lake miezi kumi na mmoja. Kituo cha afya tulichoipelekea hakikuwa na mtumishi aliyefundishwa kuitumia, na umeme wake ulikuwa wa kubahatisha. Mfamasia wa wilaya na muuguzi mkuu walilijua hilo siku ileile ya kikao, ila hawakusema kwa kuwa sikuwaachia nafasi ya kusema.

Nayaeleza haya kwa sababu madaktari wenzangu huniuliza mara kwa mara kama shahada ya uzamili ya afya ya jamii, hasa upande wa uongozi, ina faida kwa mtu aliyezoea kutibu. Ninaamini inayo, kwa sharti kwamba uingie darasani ukiwa na tatizo la kituo chako mwenyewe mkononi. Anayekwenda kutafuta cheti cha kupandia daraja atakipata, na atarudi akiwa yuleyule aliyeondoka.

Kuhusu mahali pa kusoma sitasema mengi, kwa kuwa inategemea unachokikosa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina uzamili wa afya ya jamii, ukiwamo mkondo wa jioni kwa watu walio kazini, ambao kwa kweli unamfaa anayeishi Dar es Salaam na mwenye moyo wa kuvumilia foleni. Kama kiu yako ni milipuko ya magonjwa, mafunzo ya epidemiolojia na maabara yaliyoanza nchini mwaka 2008 hukuweka kazini muda mwingi kuliko darasani. Mzumbe nao wanafundisha usimamizi wa mifumo ya afya, na huko utakutana na fedha na utumishi kuliko vimelea. Mimi nilihitaji fedha na watu. Vimelea nilikuwa navyo vya kutosha.

Somo lililonigeuza halikuwa na neno uongozi kwenye jina lake. Mhadhiri alitueleza mradi wa TEHIP, wa kuimarisha huduma muhimu za afya wilayani, uliofanyika Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia miaka ya 1990. Timu za wilaya hizo zilipewa nyongeza ndogo ya fedha, na pamoja nayo zikapewa michoro miwili ya kulinganisha: mmoja ukionesha mzigo wa magonjwa kama ulivyohesabiwa kaya kwa kaya, na mwingine ukionesha jinsi bajeti ilivyogawanywa. Ilionekana wazi kwamba malaria ilikuwa ikichukua watu wengi huku ikipata sehemu ndogo mno ya fedha. Timu zikahamisha fedha, zikaimarisha matibabu ya watoto na matumizi ya vyandarua, na vifo vya watoto vikapungua sana ndani ya miaka michache. Usiku ule nilichora michoro ya wilaya yangu kwenye daftari la mistari. Nguzo ndefu kuliko zote upande wa fedha ilikuwa ya posho na safari, na sahihi iliyoidhinisha ilikuwa yangu.

Jambo la pili ambalo daktari anapaswa kujiandaa nalo ni kuketi na watu ambao hawatakuita bosi. Darasa letu lilikuwa na wauguzi, wafamasia, maofisa afya na wataalamu wa maabara, na sisi madaktari, naomba radhi kwa kusema hivi, ndio tuliozungumza sana na kusikiliza kidogo. Siku moja tulipewa bajeti ya wilaya ya mfano tukaambiwa tuipunguze kwa moja ya tano. Kundi letu lilianza na mstari wa mitungi ya gesi, tukicheka kwamba wakubwa wamejipangia chai. Muuguzi mkunga mmoja kutoka wilaya ya pembezoni alisubiri tumalize kucheka, kisha akasema, "Daktari, hiyo gesi si ya chai. Ni ya friji za chanjo, kwenye zahanati zisizo na umeme." Tulikuwa tumekwisha kuufuta ule mstari kwa kalamu nyekundu.

Ushauri huu hauwahusu madaktari peke yao. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo hata tabibu mfawidhi wa zahanati huandaa mpango, hukaa na kamati ya usimamizi ya kituo na hujibu maswali ya wakaguzi. Asiyeweza kuondoka mwaka mzima aanze na kozi fupi za usimamizi, kwa mfano za CEDHA, kituo cha kuendeleza elimu ya afya kule Arusha, kabla hoja za ukaguzi hazijaanza kumfundisha.

Kuhusu utafiti wa mwisho, nakusihi usichague mada kwa sababu inapendeza kutamka. Mimi nilipeleka pendekezo kubwa lenye maneno mazito, na msimamizi wangu akaniuliza swali moja tu: wilayani kwako dawa zinaishaje wakati fedha ipo? Sikuwa na jibu. Nilizunguka zahanati saba nikikaa na watumishi na rejista zao za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, na katika tano kati ya hizo nikakuta fomu za kuomba dawa zinachelewa kwa sababu mtumishi yuleyule mmoja ndiye anayetibu, anayezalisha, anayechanja na anayejaza rejista hadi taa inapomshinda macho. Kabla ya hapo nilikuwa nimewaandikia barua za kuwataka wajieleze kwa uzembe. Barua mbili nilizikuta zimetunzwa vizuri kwenye mafaili yao.

Yako mambo madogo yanayoweza kukukwamisha. Pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla hujalipa ada, maana kauli ya mdomo ya mkurugenzi huhama pamoja naye. Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kiombe mapema kuliko unavyodhani inatosha. Somo la takwimu lipitie upya ukiwa nyumbani kabla ya muhula kuanza. Mimi nililipuuza na nikarudia mtihani. Ukiweza, endelea kushika zamu hata moja kwa juma, kwa kuwa kiongozi aliyesahau harufu ya wodi huanza kupanga mambo ya wagonjwa asiowaona. Na nyumbani waeleze ukweli kuhusu kipato kitakavyopungua, kabla hawajaugundua wenyewe.

Niliporudi wilayani, kikao cha kwanza nilimwomba mfamasia aanze kuzungumza, nami nikawa naandika. Alizungumza karibu dakika ishirini, na tarehe ya kuwasilisha fomu za dawa tukaihamishia kwenye siku za usimamizi shirikishi, yaani ziara za kuvikagua na kuvisaidia vituo, ili anayekwenda kituoni arudi nazo. Ile mashine ya ultrasaundi tuliihamishia kituo chenye umeme na mtumishi aliyefundishwa. Kuitoa kwenye leja moja na kuiingiza kwenye nyingine kulinichukua wiki sita, na utaratibu wake haukuwamo katika somo lolote la uzamili. Nilifundishwa na mtunza stoo.