Usiulize Kama A Game of Thrones ni Kizuri

Ukitaka kujua kama A Game of Thrones ni cha kwako, usiwaulize waliokisoma kama ni kizuri. Waulize walikuwa wanamfuata nani, na waliishia wapi. Nimekaa kwenye kundi la wasomaji hapa Dar muda wa kutosha kujua kwamba maoni mengine yote utayaelewa ukishapata majibu ya hayo mawili.

Riwaya hii ya George R. R. Martin, ya koo zinazogombea kiti cha enzi, ilitoka mwaka 1996 na haina msimulizi mmoja. Ukiacha dibaji, kila sura inabeba jina la mtu, na watu wanane wanapokezana. Asichokijua mwenye sura, na wewe hukijui. Kwa hiyo anayesubiri sura za Tyrion atakwambia kitabu kinachekesha na kina akili. Anayemfuata Daenerys, aliye ng'ambo ya bahari mbali na wenzake wote, atalalamika kwamba wanamkatishia utamu. Wote wawili wanasema kweli.

Wa kuchuja zaidi ni wale walioona tu tamthilia ya runinga iliyotokana nacho. Ilianza mwaka 2011, ikaisha 2019, na wengi bado wana hasira na mwisho wake. Hasira hiyo wanaimwagia kitabu ambacho hawajakishika. Siku moja kijana mmoja kwenye kundi letu alimshambulia Sansa mpaka mate yakamtoka: mjinga, mbinafsi, ndiye aliyeharibu kila kitu. Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akamuuliza, "Kwani huyo Sansa ana miaka mingapi?" Kijana akasema kumi na minane, kumi na tisa hivi. Mwalimu akafungua sura ya kwanza ya Eddard, baba yake Sansa, pale rafiki yake mfalme anapomshika waozeshane watoto, naye anajibu kwamba Sansa ana miaka 11 tu. "Huyu yuko darasa la tano," akasema. "Wangu wa darasa la tano analia akinyang'anywa rula." Kijana akajikuna kichwa, akageukia wazazi: basi wao ndio wajinga. Tulicheka, lakini hapo mjadala ndipo ulipoanza kuwa mtamu.

Maoni mengine ninayoyasikia sana ni kwamba hadithi imetiwa chumvi, kwamba ndugu wa damu hawawezi kufanyiana vile kwa ajili ya kiti. Jamani, sisi wa pwani ndio wa kusema hivyo? Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, mwanawe Majid akatawala Zanzibar, na mwaka 1859 mdogo wake Barghash akapanga kumpindua. Mwandishi wa barua za siri za njama hiyo alikuwa dada yao Salme, binti wa miaka kama 15, kwa sababu alijua kuandika. Alimwandikia Barghash dhidi ya Majid, kaka aliyewahi kumkaribisha aishi nyumbani kwake. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtorosha akiwa amevaa nguo za kike. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na mwaka 1870 Majid alipofariki ndiye aliyerithi kiti. Salme mwenyewe aliyaandika haya kwenye kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Na Majid huyo ndiye aliyeanza kuujenga mji huu tunaolia na foleni zake. Msomaji wa Dar aliyeijua habari ya Salme hatamhukumu Sansa harakaharaka.

Majina ni mengi, hilo nakubali. Nyuma ya kitabu kuna orodha ya koo kubwa, lakini mimi ilinisaidia zaidi kuwapanga kama ninavyopanga watu kwenye kikao cha harusi. Ned Stark (ndiye huyo Eddard) na marehemu Jon Arryn ni wanyumba, wameoa mtu na dada yake. Mfalme Robert alikuwa amwoe dada yake Ned, lakini binti huyo akafariki, kwa hiyo ushemeji haukutimia ila machungu yamebaki. Tyrion ni shemeji wa mfalme. Ukishajua nani kamwoa nani, nusu ya fitina umeshaielewa, na kile Kiingereza chake hakitakutisha sana.

Usikate tamaa kabla ya sura ya pili yenye jina la Bran. Ni ya nane baada ya dibaji, huhitaji zaidi ya safari chache za mwendokasi kuifikia. Ukiimaliza na hujisikii kufungua inayofuata, acha kwa amani, mgawie mwenzako. Ila kama mtu anakwambia kinachosha, mwulize kwanza kama aliifika.

Wanaosema usianze kwa sababu mwandishi hajamaliza mfululizo ambao hiki ni cha kwanza wana hoja: cha tano kilitoka mwaka 2011, na cha sita tunakisubiri. Mimi sioni kama hilo linaharibu cha kwanza. Kina kifo kimoja (simtaji, mtanipiga) ambacho peke yake kinalipa gharama.

Kuna mama aliniuliza kama amnunulie mwanawe wa kidato cha kwanza, kwa kuwa jalada linaonyesha upanga. Nikamwambia hapana, asubiri. Daenerys anaozwa akiwa na miaka 13 kwa jemadari asiyejua hata lugha yake, na mwandishi hafungi mlango wa chumba. Mama akanunua, akaanza kukisoma mwenyewe. Juzi kanitumia ujumbe saa sita usiku: yuko upande wa Catelyn, mama yake Sansa, na hataki kusikia neno.